Nimepata Silva, lakini kwanza niwaambie nilivyopelekwa dobi

Wiki iliyopita nilipita mtihani wa Silva, daraja la pili baada ya Bronzi, wa KPSGA, kile chama cha waongoza safari wa Kenya, na tangu niposti picha na beji yangu inboksi imejaa. Kuna kijana wa Narok ameandika, "Bro, hizi kambi za dola elfu kwa usiku mtu anaingiaje, nianzie wapi?" Nimeanza kumjibu mara tatu nikafuta, maana jibu la ukweli linaanzia dobi.

Mimi ni mtu wa Kakamega. Nilipopata kazi Maasai Mara, mama akawaambia majirani mwanawe siku hizi ni gaidi, akimaanisha tua gaidi, nusura waende kwa chifu. Nilikuja na Bronzi yangu mpya, Kiingereza cha kuteleza, na ndani ya mwezi nilikuwa najua simba mmoja mmoja. Kambi yenyewe iko kwenye konsavansi, yaani mashamba ya watu waliyoyakodisha kwa ajili ya wanyama na utalii, si ndani ya rizavu, ile hifadhi ya serikali, na starehe zake mwanzo sikuzielewa: ni mahema tu, hakuna simiti ardhini, umeme wa sola, na mgeni aliyelipa hela yote hiyo anaoga maji moto ya ndoo, roomboi anayabeba anayamimina kwa nyuma ya hema. Kwetu tunaoga ndoo bure lakini tuyaache hayo.

Sasa siku moja nimebeba mama mmoja Mwingereza, tumewapata simba, niko kwa stori yangu ya simba, yeye akaniuliza, "Hii pesa ninayolipa, mwenye ardhi anapata nini?" Nikajibu kifua mbele, "Yote inaenda kwa jamii, madam." Yote! Spota wangu, yule wa kunisaidia kutafuta wanyama, ni kijana wa Kimaasai ambaye shamba la babake liko humo humo, akakohoa tu. Mama akamgeukia akamuuliza yeye, na kuanzia hapo mimi nilikuwa dereva tu, stori imenipita. Jioni meneja akaniita mbele ya wapishi na waita, akasema mgeni anauliza kama kambi inadanganya watu, akanyosha mkono nimpe ufunguo wa Landkruza. Miezi mitatu nikawa dobi, napiga pasi mashuka. Kosa lilikuwa langu, sikatai, lakini angeniita ofisini. Mbele ya wapishi? Hiyo bado haijanitoka.

Spota ndiye aliyenihurumia. Siku yetu ya ofu akanipeleka kwa babake. Mzee hakunipa mhadhara, alitoa kasimu kake kadogo akanionyesha meseji ya kodi ya shamba. Inaingia kila mwezi, inahesabiwa kwa ekari, kambi ijae au ikae tupu. Akanieleza zile gruprenchi, ardhi iliyokuwa ya kundi zima, zilipogawanywa kila mtu akapata taito yake, hati ya shamba, na mwenye taito anaweza kuuza, kulima, au kuzungusha waya. Yeye na majirani wakaunganisha mashamba wakakodisha. Ndivyo hata Naboisho, konsavansi nyingine ya huku Mara, ilivyoanza 2010, wenye mashamba zaidi ya 500, karibu ekari 50,000, na hilo jina kwa Kimaasai ni kuja pamoja. Ng'ombe hawajafukuzwa, wanaingia kwa mpango, leo upande huu kesho ule.

Nikamuuliza, kwa hivyo mzee unapenda simba? Akacheka mpaka akafuta machozi. Simba alimlia ndama, apende nini. Anamvumilia kwa sababu ya ile meseji. 2020 Korona ilipofunga kambi na kodi ikapunguzwa, alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya waya, na akaninyoshea kidole ng'ambo ambako jirani hakuulizia, aliweka.

Kwa hivyo ushauri wangu: jua ardhi kabla ya simba. Jua mwenye shamba ni nani na analipwaje. Jua kwa nini kwenye konsavansi mgeni anatembea kwa miguu na kuendeshwa usiku na ndani ya rizavu haruhusiwi, na kwa nini sisi tunapunguza idadi ya magari kwa mnyama mmoja. Usidanganye mgeni, kama hujui sema hujui, utauliza. Soma ndege pia, Silva ya kwanza nilianguka kwa ndege, na hiyo stori ni fupi, sikusoma. Halafu jua ardhi, narudia.

Vijana, mnanichosha kidogo. Mnataka beji, mnataka tipu ya dola, mnawakimbiza duma na gari mpate video ya TikTok, na yule mzee ambaye bila shamba lake hakuna duma wala tipu mnampita barabarani na vumbi lenu hata hampungi mkono. Mimi nilimpita mwaka mzima, kwa hivyo najua ninachosema.

Meneja siku hizi yuko kambi nyingine. Amenitumia "Hongera sana, nilijua utafika" na kidole gumba. Nimesoma, tiki zimekuwa bluu, sijajibu.

Kijana wa Narok nimemjibu leo asubuhi. Nilimuuliza tu kama kwao wamekodisha shamba au wameweka waya. Akasema hajui, ngoja amuulize babu yake.