Sheria na Wewe: Askari wameondoka na daftari langu la madeni

SWALI: Mhariri, mimi ni mama mwenye duka la pembejeo hapa Uyole, jijini Mbeya. Mwezi uliopita, asubuhi, walikuja askari wanne wakiwa na hati ya upekuzi, wameongozana na mwenyekiti wetu wa mtaa. Hati ilisema wanatafuta mabomba ya kupulizia dawa yaliyoibwa kwenye ghala. Walikuta mabomba sita ambayo niliyanunua kwa kijana mmoja bila risiti, wakayachukua. Lakini walichukua pia daftari langu la madeni, simu mbili, shilingi 1,840,000 zilizokuwa ndani ya kopo la maziwa, na hati ya kiwanja ya marehemu mume wangu. Nilisaini karatasi ambayo sikuisoma. Sasa msimu wa mbolea umefika na kila ninayemdai ananiambia nilete daftari. Je, walikuwa na haki ya kuchukua vyote hivyo?
Msomaji, Uyole

JIBU: Pole sana, mama. Tumeisoma barua yako zaidi ya mara moja, kwa sababu inagusa jambo ambalo wafanyabiashara wengi wa kuanzia Tunduma hadi Makambako hutuuliza wakati mali imekwisha kuondoka dukani.

Msingi wa jambo hili umo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kwenye kifungu ambacho mawakili na mahakimu wamekizoea kama kifungu cha 38. Kinampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kupekua, au kumwandikia askari aliye chini yake kibali cha kupekua, pale anapokuwa na sababu za msingi za kushuku kwamba mahali fulani pana kitu ambacho kosa limetendwa juu yake, au kitu kitakachotoa ushahidi wa kosa, au kitu kilichokusudiwa kutumika kutenda kosa, na kwamba kuchelewa kutafanya kitu hicho kiondolewe au kiharibiwe, au kutahatarisha maisha au mali. Zingatia kwamba sheria haikusema achukue kitu chochote atakachokiona. Kila kilichobebwa lazima kiwe na uzi unaokiunganisha na kosa, na askari aulizwapo uzi huo ni upi, awe na jibu.

Kwa kipimo hicho, mabomba sita hayana mjadala. Ndiyo yaliyotajwa katika hati, na yalikutwa kwako bila risiti. Hata kama uliyanunua kwa moyo safi, askari walikuwa ndani ya mamlaka yao kuyachukua, na suala la nani mwenye mali litaamuliwa baadaye kwa ushahidi.

Daftari la madeni linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndilo linalokuumiza. Ikiwa katika daftari hilo huandika pia bidhaa unazonunua na watu wanaokuletea, basi laweza kuonyesha ni lini mabomba yaliingia dukani na kwa bei gani, na hapo linakuwa ushahidi halali hata kama hati haikulitaja kwa jina. Huenda hata likakusaidia wewe: mstari mmoja ulioandika siku ile kwamba umenunua mabomba sita kwa bei ya kawaida ya soko una uzito kuliko maelezo mengi ya mdomo. Hata hivyo, polisi kuhitaji ushahidi ulio ndani ya daftari si sababu ya biashara yako kufa. Mwandikie mkuu wa kituo barua, ukieleza kwamba ndilo kumbukumbu pekee ya wadaiwa wako, na uombe kutoa nakala ya kurasa zote mbele ya askari mpelelezi. Ombi kama hilo haliharibu upelelezi hata kidogo, na tunakushauri ulipeleke wiki hii.

Simu nazo zinaweza kuchukuliwa kama kuna sababu ya kuamini kwamba mawasiliano yako na yule kijana yamo humo. Lakini simu ni chombo kinachobeba maisha ya mtu mzima mzima, na Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda maskani ya mtu na mawasiliano yake ya binafsi. Kwa hiyo ni haki kabisa kuuliza kwa nini zimechukuliwa zote mbili ikiwa ulizungumza na kijana huyo kwa moja tu.

Kuhusu fedha, tunasema wazi kwamba hatuoni uzi wowote katika maelezo uliyotupa. Ungeshukiwa kuuza mabomba ya wizi, fedha zilizotokana na mauzo hayo zingeweza kuwa kielelezo, yaani kitu kinachotolewa mahakamani kama ushahidi. Lakini mabomba yote yalikuwa bado rafuni, na fedha za kopo ni za mauzo ya kawaida ya duka. Hati ya kiwanja iko mbali zaidi: haihusiani na wizi wa ghalani kwa namna yoyote tunayoweza kuifikiria. Mambo yangekuwa tofauti kama wangekuta, kwa mfano, bunduki isiyo na kibali. Askari aliye katika upekuzi halali hatakiwi kufumba macho mbele ya kosa jingine lililo wazi. Hati ya kiwanja ya marehemu mumeo haina kosa lolote ndani yake.

Sasa tuje kwenye karatasi uliyosaini. Sheria inamtaka askari anayechukua mali atoe stakabadhi ya kukiri kuichukua, yenye saini ya mwenye mali au mkaazi wa mahali hapo au ndugu yake wa karibu, pamoja na saini za mashahidi wa upekuzi kama wapo. Kwa kawaida hujazwa pia fomu ya hati ya ukamataji mali, na inaelekea hiyo ndiyo uliyosaini. Saini yako haisemi kwamba umeiba, lakini mahakama huichukulia kama kukiri kwamba vitu vilivyoorodheshwa vilikutwa kwako. Kwa hiyo tunawasihi wasomaji wote: soma mstari kwa mstari, na kama huoni vizuri, mwombe mwenyekiti wa mtaa akusomee kwa sauti. Fedha zihesabiwe mezani noti kwa noti, na kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Simu isiandikwe “simu nyeusi” tu. Bonyeza *#06#, namba yake ya utambulisho itatokea, nayo iandikwe. Pale unapopinga kitu kuchukuliwa, usimzuie askari kwa mikono. Andika pingamizi lako kwenye fomu, juu ya saini yako.

Hatua yako ya kwanza, mama, ni kuomba nakala ya fomu hiyo na kuangalia kama shilingi 1,840,000 na hati ya kiwanja vimeandikwa. Kama vimeandikwa, omba kwa barua virudishwe kwa kuwa havihusiani na kosa. Kama havikuandikwa, jambo ni zito zaidi: nenda kwa mkuu wa upelelezi wa mkoa pamoja na mwenyekiti aliyeshuhudia, na maelezo yake yachukuliwe kwa maandishi. Kesi ikiwa imefunguliwa, ombi la kurudishiwa mali lipelekwe kwa hakimu anayeisikiliza. Malalamiko dhidi ya askari yanaweza pia kupelekwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

SWALI: Sisi tuko Mafinga. Askari waliingia kwa kaka yangu saa nne usiku bila hati, wakasema ni dharura. Baadaye tulisikia kwamba taarifa walikuwa nayo tangu siku iliyotangulia. Je, walichokichukua kinaweza kutumika mahakamani?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Hati ya upekuzi hutekelezwa kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua, isipokuwa mahakama imeruhusu saa nyingine. Upekuzi bila hati upo kisheria, lakini ni kwa dharura ya kweli, na Mahakama ya Rufani imekwisha kueleza kwamba upekuzi uliopangwa kutokana na taarifa ya awali hauwi wa dharura kwa kuitwa hivyo tu. Hata hivyo ushahidi wa namna hiyo haufutiki wenyewe. Kifungu kilichozoeleka kama cha 169 cha sheria hiyo hiyo kinamwachia hakimu apime kama kuupokea kutanufaisha umma bila kuumiza isivyostahili haki na uhuru wa mtu yeyote. Wakili wa kaka yako apinge kielelezo hicho siku kinapotolewa mahakamani, kabla hakijapokelewa, na amhoji shahidi wa polisi taarifa ilimfikia saa ngapi.