Mafumbo ya hesabu kwenye vikundi: ficha namba kwanza, halafu kalamu iwe moja tu

Kuna kipindi niliamini ukishawakalisha watoto sita sita, ukawapa fumbo la hesabu na kuwaambia "haya jadilianeni", basi kazi imeisha. Nilienda hivyo mwaka mzima. Kumbe kilichokuwa kinatokea ni kwamba yule mkali wa hesabu anavuta karatasi upande wake anamaliza chapchap, wawili wanakopi, mmoja anachonga penseli mpaka inabaki kipande, na waliobaki wanapiga stori zao, afu mi nikipita nakuta jibu sahihi naweka vema naendelea kuzunguka na furaha zangu. Siku moja nikawapa fumbo lile lile, nimebadilisha majina tu, kila mtu na daftari lake. Nilisahihisha nikachoka. Zaidi ya nusu hata hawakujua pa kuanzia.

Nilivyoanza kuwasikiliza vizuri ndo nikagundua wengi hawasumbuliwi na kujumlisha wala kutoa, wanasumbuliwa na kisa chenyewe. Chukua hili: Neema ana penseli 15, ana penseli 6 zaidi ya Baraka, Baraka ana penseli ngapi? Darasa zima linaimba 21. Kwanini? Kwasababu wameona neno "zaidi", na ni sisi wenyewe walimu tuliowafundisha, ukiona "zaidi" jumlisha, ukiona "baki" toa, ukiona "kila mmoja" gawanya. Mimi mwenyewe nilikuwa na chati hiyo ukutani, tena nimeichora kwa rangi tatu. Niliitoa.

Na sio watoto wangu tu. Ufaransa, kule Grenoble, mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti waliwapa watoto 97 wa shule ya msingi swali la ajabu: melini kuna kondoo 26 na mbuzi 10, je nahodha ana umri gani? Watoto 76 wakatoa umri, kwa kuzichanganya tu zile namba. Nililijaribu na mimi nikiwa najiamini wangu watacheka, wakajibu 36 bila hata kutabasamu.

Kwahiyo siku hizi naandika kisa ubaoni bila namba. Naacha nafasi tupu. "Neema ana penseli kadhaa, ana kadhaa zaidi ya Baraka." Afu nauliza nani anazo nyingi, wanaambizana kwa maneno yao, wanachora, mwingine anasimama anakuwa Neema mwingine Baraka. Hakuna cha kukokotoa, kwahiyo yule mkali hana pa kukimbilia na yule asiyejua jedwali la kuzidisha anaongea sawa na wenzake. Dakika tano hivi. Wakishakubaliana kwamba Baraka anazo chache ndo najaza 15 na 6, na hapo ukisikia mtu anasema 21 wenzake wanamrukia wenyewe, sihitaji kufungua mdomo.

Kitu cha pili kilichonisaidia sana ni kalamu. Kikundi kizima karatasi moja kalamu moja, na mwenye kalamu haruhusiwi kuandika wazo lake, anaandika anachoambiwa na wenzake tu. Kalamu ya kwanza namkabidhi yule mkali. Mwanzoni wanateseka kweli, nina mmoja alikuwa anang'ata kalamu kabisa kwa kujizuia, ila baada ya wiki kama mbili alianza kuuliza wenzake "sijaelewa, kwanini tunatoa?" na swali hilo lilikuwa na faida kuliko majibu yote aliyowahi kuwapa. Kalamu inazunguka kila hatua. Na anayekuja kueleza ubaoni namchagua mimi mwishoni, simtaji mapema, maana ukimtaja mapema wengine wanalala.

Ukubwa wa kikundi: watatu. Wanne ikibidi. Sita ni mkutano. Kama darasa limejaa usihangaike kuhamisha madawati, wa mbele wageuke waangalie wa nyuma, inatosha.

Kabla hawajaanza kuongea nawapa kama dakika mbili za kimya kila mtu afikirie peke yake, bila hivyo wa mdomo mwepesi anawabeba wote. Na mimi najibana nisijibu haraka. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alionyesha miaka ya 1970 kwamba mwalimu akiuliza swali husubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kudakia, na akisubiri 3 au zaidi majibu ya watoto yanakuwa marefu na hata wakimya wanaanza kuongea. Sekunde 3 zinaonekana kitu kidogo mpaka uzihesabu mbele ya darasa lililokutolea macho. Mi nahesabu moyoni mpaka tano huku nimekunja mikono.

Fumbo lenyewe nalo lichague vizuri jamani. Likiwa jepesi hakuna cha kujadili, mtoto atalimaliza peke yake na ana haki ya kukuona unampotezea muda. Mi napenda yenye majibu mengi, mfano mstatili wenye mzingo wa mita 24 na pande zenye mita kamili, unaweza kuwa na vipimo gani? Yako sita ukihesabu na mraba, na kikundi kimoja kikipata manne kingine matano unaona wanavyoanza kuchunguliana, safari hii kwa faida.

Ama yenye baki. Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwenye mtihani wa tathmini ya taifa, watoto wa miaka 13 waliulizwa basi moja linabeba askari 36, askari wako 1,128, yatahitajika mabasi mangapi? Kama asilimia 70 waligawanya sawasawa, lakini waliojibu 32 ni asilimia 23 tu, na asilimia 29 waliandika mabasi 31 baki 12. Basi baki kumi na mbili! Kwangu nililipunguza, watoto 50, gari moja linabeba 8. Vikundi vingi vikaja na 6 baki 2, wameridhika kabisa, mpaka dada mmoja wa nyuma ambaye kwenye mazoezi ya kuzidisha huwa hapati hata nusu akauliza kwa sauti ndogo, "sasa hao wawili wanabaki shule?" Darasa likanyamaza. Afu kelele.

Kelele zitakuwepo, kubali. Mkuu wangu wa shule wakati ule alikuja mlangoni mara mbili kuuliza kama mwalimu yupo.

Jambo la mwisho, mtihani wanafanya mmoja mmoja, hilo sijisahaulishi tena. Dakika kumi za mwisho wa kipindi vikundi vinavunjika, kila mtu anapewa fumbo la aina ile ile lakini kisa tofauti, kimya, na chini ya jibu anaandika sentensi moja kwanini amechagua njia hiyo. Hayo ndo madaftari nayosahihisha siku hizi. Karatasi za vikundi nabandika tu ukutani, pale ilipokuwa ile chati ya rangi tatu.