Ukiteuliwa kuongoza kampuni ya ukaguzi, andika yote kwenye fomu

Hapa Uholanzi, mtu akiteuliwa kuingia kwenye bodi ya kampuni inayokagua mabenki na kampuni za soko la hisa, kwanza huchunguzwa na Mamlaka ya Masoko ya Fedha, AFM. Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kuwaandalia watu hao mafaili. Nawaandikia wahasibu wenzangu mnaokaribia kuwa wabia, wa huku Ulaya na wa nyumbani pia. Tanzania na Kenya nako mkaguzi wa benki hukubaliwa kwanza na Benki Kuu.

Vipimo ni viwili na watu huvichanganya. Kipimo cha uwezo huangalia kama unaimudu nafasi unayoiendea. Kipimo cha uadilifu ni kikali zaidi: sheria inataka uadilifu wako usiwe na shaka, na hakuna daraja la katikati.

Fomu ya uadilifu inauliza mambo ambayo wengi hawakuyatarajia. Kesi za jinai, hilo linajulikana. Lakini inauliza pia madeni yako binafsi yaliyokushinda, kampuni uliyoiongoza ikafilisika, faini za kodi, hatua zozote ulizowahi kuchukuliwa na msimamizi, yaani mamlaka ya usimamizi kama AFM, na mashauri ya nidhamu ya taaluma. Kwa wahasibu wa huku, mashauri hayo husikilizwa na baraza lao lililoko Zwolle, na mtu yeyote anaweza kupeleka lalamiko.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna jambo letu la kuangalia kwa makini. Wengi tumeandikishwa kuwa wakurugenzi wa kampuni ya kaka au shemeji, tukaweka sahihi siku ya usajili na kusahau. Kampuni haifanyi biashara, ritani za mwaka hazijapelekwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni Tanzania, na TRA, mamlaka ya kodi, wanadai. Kwa ndugu hilo ni jambo dogo la kifamilia, ila kwa anayesoma faili lako wewe ni mkurugenzi wa kampuni isiyotimiza wajibu wake. Nenda ukalisafishe kabla hujajaza chochote: lipa kinachodaiwa, jiondoe rasmi kama huna kazi nayo, na utunze barua. Kisha liandike kwenye fomu hata kama limekwisha.

Nasisitiza hili la kuandika kwa sababu hapo ndipo watu wazuri huumia. Kosa la zamani hupimwa: lilikuwa zito kiasi gani, lilitokea lini, ulifanya nini baada yake, na unalizungumziaje leo. Faini ya kodi ya miaka mingi iliyopita, iliyolipwa na kuelezwa vizuri, kwa kawaida haimzuii mtu. Lakini msimamizi haishii kwenye maneno yako. Huuliza mamlaka ya kodi, waendesha mashtaka na wasimamizi wenzake, na akikuta jambo uliloliacha, swali linahama kutoka kwenye faini hadi kwako mwenyewe. Nimewahi kumsihi mteule aandike jambo aliloliona la aibu. Aliandika ukurasa mzima, na kwenye mahojiano aliulizwa maswali mawili tu kuhusu hilo.

Hata hivyo, fomu ina mipaka yake, kwa kuwa inasoma kumbukumbu zilizopo. Aprili 2024, bodi ya Marekani inayosimamia wakaguzi, PCAOB, iliitoza kampuni ya ukaguzi ya KPMG ya Uholanzi faini ya dola milioni 25. Mamia ya wafanyakazi walikuwa wamepeana majibu ya mitihani ya mafunzo kati ya 2017 na 2022. Marc Hogeboom, aliyekuwa mkuu wa ukaguzi, alitozwa dola 150,000 na kufungiwa kabisa kufanya kazi na kampuni zinazosimamiwa na bodi hiyo. Kinachoniuma zaidi ni kwamba kampuni iliiambia bodi hiyo haikujua lolote kabla ya mtoa taarifa kujitokeza mwaka 2022, ilhali baadhi ya viongozi walioidhinisha maelezo hayo walikuwa wameshiriki wenyewe. Hakuna rekodi ya mahakama wala ya kodi ambayo ingelionyesha hilo mapema.

Kwa hiyo usichukulie fomu kuwa ndiyo mwisho wa uchunguzi. Kila tamko litakaloletwa mezani kwako kwa niaba ya kampuni, lisome sentensi kwa sentensi, na palipo na neno "hatukujua", waulize walioliandika wamejuaje. Usipopata jibu, usiweke sahihi, hata kama tarehe ya mwisho ni kesho.

Wajibu wa kutoa taarifa nao hauishi siku ya kuidhinishwa. Ukifunguliwa kesi au ukitozwa faini ukiwa tayari kwenye kiti, mjulishe afisa wa uzingatiaji, anayehakikisha kampuni inafuata sheria, siku hiyo hiyo, ili kampuni imwarifu msimamizi bila kuchelewa. Na kama unawaza nafasi hiyo ndani ya mwaka huu, anza sasa kuomba barua za kodi na za usajili kutoka kila nchi uliyofanya kazi. Zile za nje ndizo huchelewa zaidi.