Cheti kina namba, iulizeni: maswali yenu ya vyeti vya TEHAMA

Maswali ya safari hii ni mengi na nusu yake yanafanana kama mapacha. Yaliyorudiwa nimeyajibu mara moja. Aliyeuliza bila kusema anafanya kazi gani, asishangae kupata jibu fupi.

Shikamoo. Nimemaliza diploma ya TEHAMA. Nianze na cheti gani kinacholipa zaidi? – Msomaji, Morogoro

Marahaba. Mshahara unafuata kazi, kwa hiyo sema kwanza unataka kazi gani. Kukaa dawati la msaada, kubadilisha RAM na kupiga Windows: CompTIA A+, nayo ni mitihani miwili, basi tenga ada mbili. Kupanga swichi na ruta: CCNA. Seva za Linux: RHCSA. Huduma za wingu: cheti cha kampuni ambayo mwajiri unayemlenga anaitumia, na hilo utalijua kwa kusoma matangazo yake, si kwa kuniuliza mimi. Swali hili lisirudi tena bila jina la kazi ndani yake.

Nilisoma CCNA chuoni kwa miezi mitatu nikapewa cheti chenye muhuri na saini ya mkuu wa chuo. Nilikoomba kazi wanasema sina CCNA. Wananionea? – Msomaji, Mwanza

Hawakuonei. Ulichonacho ni cheti cha kumaliza kozi. CCNA yenyewe hutolewa na Cisco baada ya kufaulu mtihani wenye namba 200-301: dakika 120, chini ya usimamizi wa Pearson VUE, kampuni inayoendesha vituo vya mitihani, ada dola 300 za Marekani kabla ya kodi, na ukifaulu inadumu miaka mitatu. Hata zile kozi tatu za CCNA za Cisco Networking Academy, ambazo ni nzuri na vyuo vingi vinazifundisha, ukizimaliza zote bado mtihani unakusubiri nje. Kipimo chepesi: mtahiniwa wa Cisco hupewa namba inayoanza na herufi CSCO. Kama hujawahi kuiona namba yako, mtihani hujaufanya.

Kozi yako haikupotea. Andika kwenye CV "nimemaliza kozi ya maandalizi ya CCNA", weka mwaka, ueleze na ulichokifanya kwa mikono. Ukiandika "CCNA" tupu umedanganya, na uongo huo unagundulika kwa dakika moja.

Na nyinyi mnaojiandaa kulipa ada baada ya kuona bango la "Pata CCNA kwa wiki sita", muulizeni mpokea ada swali moja tu: humu ndani kuna vocha ya mtihani? Akisema ipo, aiandike kwenye risiti. Wengi hapo ndipo kigugumizi huanza.

Niliajiri kijana mwenye vyeti vitatu. Mtandao ulipoanguka alibaki anaikodolea macho ruta mpaka jioni. Vyeti vina faida gani basi? – Mwenye kampuni, Arusha

Yawezekana vyeti ni vya kughushi, au ni vya kweli lakini vimepatikana kwa dampu. Dawa zake ni mbili tofauti.

Cha kughushi kinakamatwa kabla ya usaili. Usipokee fotokopi wala PDF, kwa sababu PDF inahaririwa kwa dakika tano na jina likakaa vizuri kabisa. Mwombe kiungo cha uhakiki. Kampuni nyingi hutoa beji za kidijitali kupitia Credly, na CompTIA wana msimbo wa uhakiki ambao unauandika mwenyewe kwenye tovuti yao. Soma jina, tarehe ya kutolewa na tarehe ya mwisho. Ukiskani msimbo wa QR uliochapwa kwenye karatasi, tazama anwani iliyofunguka, maana tapeli naye anaweza kujenga tovuti yake ya "uhakiki".

Dampu ni ugonjwa mbaya zaidi. Hayo ni maswali yaliyoibwa kutoka chumba cha mtihani, mtu anakariri jibu ni B, jibu ni D, anafaulu. Cheti chake ni halali na kila uhakiki utasema ndiyo. Huyo utamkamata kwa karatasi moja kwenye usaili. Mwandikie hivi: kompyuta ina anwani 192.168.10.70, maski ni /26, lango (ruta ya kutokea nje) ni 192.168.10.1. Inaongea vizuri na kompyuta yenye .80, lakini intaneti haipati. Kwa nini?

Maski ya /26 inakata mtandao vipande vya anwani 64: 0 hadi 63, kisha 64 hadi 127, na kuendelea. Kompyuta na jirani yake .80 wako kipande cha pili. Lango liko kipande cha kwanza, kwa hiyo haiwezi kulifikia moja kwa moja. Lango la kipande cha pili lazima liwe kati ya .65 na .126. Windows hutoa onyo ukiweka mpangilio wa namna hii, ila ukibonyeza ndiyo inakubali, na ndiyo sababu kosa hili linaishi maofisini miezi na miezi.

Aliyesoma kweli atakujibu kabla hujamaliza kumimina chai. Aliye bora zaidi atakuuliza swali: wenzake kwenye swichi hiyo hiyo wanatoka nje? Wakitoka kwa .1 na maski ya /24, basi lililokosewa ni maski ya kompyuta hii moja na lango halina kosa. Mchukue huyo. Aliyekariri ataanza kukueleza tabaka saba za OSI, nadharia ya darasani ya mitandao.

Faida ya cheti kwako ni kupunguza mlundikano: CV mia mbili zinabaki ishirini. Hao ishirini ni kazi yako kuwapa kebo ya konsoli, ile ya kupangia ruta, mkononi na kuwatazama.

Naomba dampu za karibuni za 200-301. – Wasomaji kadhaa

Hapana. Cisco wakikugundua wana haki ya kukufutia cheti na kukufungia mitihani, na ada hairudi.

Nikiwalipia mafundi wangu mitihani, wakifaulu wanahamia kwa washindani. Nifanyeje? – Meneja, Nairobi

Wanaoondoka ni wale uliowapandisha thamani ukaacha mshahara palepale. Hilo halina mkataba wa kuliziba. Mengine yana utaratibu.

Kama unauza vifaa au huduma, Cisco na Microsoft wanapopanga daraja la wabia wao wanahesabu, pamoja na mengine, wafanyakazi wenye vyeti. Zabuni nazo zinadai CV na vyeti vya wataalamu wakuu. Kwa hiyo faida unaipata wewe vilevile, usijifanye unatoa sadaka. Na kama daraja lako lote limening'inia kwa fundi mmoja, yeye analijua hilo kabla yako. Wasomeshe wawili.

Mkataba wa marejesho uandike kwa hesabu inayoshuka. Umelipa dola 300, gawanya kwa miezi 12, ni dola 25 kwa mwezi. Akiondoka baada ya miezi minane anakurudishia 100. Akimaliza mwaka hadaiwi. Kumfunga mtu miaka mitatu kwa mtihani wa dola 300 ni kutafuta kesi. Andikeni pia nani analipa akifeli: desturi nzuri ni ofisi kulipa mara ya kwanza, marudio juu yake. Kisha mpe saa za kusoma ndani ya ratiba na swichi ya kuharibu. Anayesoma saa nne usiku baada ya zamu ya mchana ndiye atakayekimbilia dampu.

Mambo matatu yanawaumiza watu kila mara. Vocha zina tarehe ya mwisho. Msinunue kumi kwa sababu ya punguzo zikafia kwenye droo. Cheti ni mali ya aliyefaulu, si ya ofisi, basi msifungie karatasi zake kabatini. Na wewe mwajiriwa, fungua akaunti ya mitihani kwa baruapepe yako binafsi. Ukitumia ya ofisi, siku ya kuacha kazi inafungwa, na ukumbusho wa kuhuisha cheti unaenda kwenye sanduku lisilo na msomaji.

Tangazo la kazi linataka MCSE. Nitaufanyia wapi huo mtihani? – Msomaji, Dodoma

Popote hutaupata. Microsoft walifunga vyeti vyao vya zamani, MCSE, MCSA na MCSD, tarehe 31 Januari 2021. Omba kazi hiyohiyo, na kwenye barua taja cheti cha sasa kinacholingana na kazi, kwa mfano AZ-104 kama ni usimamizi wa Azure.

Wakuu wa rasilimali watu, hili ni lenu: mpeni fundi wenu tangazo alisome kabla ya kulitoa. Mnaponakili matangazo ya Kimarekani mkumbuke vilevile kwamba Security+, cheti cha usalama cha CompTIA, imejaa mle kwa sababu Wizara ya Ulinzi ya Marekani inawadai watu wake vyeti vya orodha maalumu, kwa waraka uliojulikana kama 8570 na sasa 8140. Ni cheti kizuri cha msingi, lakini sharti hilo halina uhusiano wowote na duka lenu la jumla.

Nimefeli RHCSA. Kila kitu nilikijaribu kikafanya kazi, lakini alama ni za aibu. Wamekosea kusahihisha? – Msomaji, Mombasa

Hawakukosea. Mashine yako ilisahau. RHCSA haina A, B, C, D. Unapewa mashine unaipanga, na kazi yako inahesabiwa ikiwa ingalipo baada ya mashine kuzimwa na kuwashwa upya. Kufaulu ni alama 210 kati ya 300, na watu wanaziacha hizo alama sehemu zilezile.

Umeanzisha huduma kwa systemctl start ukasahau enable. Umefungua mlango wa ngome kwa firewall-cmd bila --permanent. Umebadilisha kiswichi cha SELinux, ulinzi wa ndani wa Linux, kwa setsebool bila -P. Umepachika diski kwa mkono bila kuiandika kwenye /etc/fstab, faili la orodha ya diski za kupachikwa mashine inapowaka. Vyote vinne vinafanya kazi mbele ya macho yako na vyote vinayeyuka mashine ikiwashwa upya.

Kibaya kuliko vyote ni kuandika fstab vibaya. Herufi moja ya UUID, utambulisho wa diski, ikikosewa, mashine inawaka nusu, inaingia hali ya dharura na kukuomba nenosiri la root. Ikisahihishwa ikiwa imekwama pale, hata ulichokipatia hakionekani. Kwa hiyo kila ukigusa fstab, toka kwenye kihariri na uandike mount -a. Ikikaa kimya, nzuri. Kumbuka mount -a haigusi swap, nafasi ya diski inayosaidia RAM. Hiyo ijaribu kwa swapon -a. Kisha washa mashine upya wewe mwenyewe, ukiwa bado na nusu saa mkononi, upitie kila swali tena. Asiyewasha upya kabla ya muda kwisha anacheza bahati nasibu.

Waajiri wanaoniuliza cheti gani hakidanganyi kirahisi, anzeni na cha namna hii.

Kituo cha mtihani kimenikataa mlangoni. Kitambulisho kina majina matatu, nilijisajili kwa mawili. Ada imeenda. – Msomaji, Zanzibar

Pole. Jisajili kwa jina kama lilivyo kwenye kitambulisho utakachokwenda nacho, herufi kwa herufi. Kama una pasipoti, itumie hiyo, maana jina la ukoo limetengwa wazi. Anayeitwa Mohamed kwenye kadi na Muhammad kwenye akaunti asitegemee huruma ya mlangoni. Jina likiwa limekosewa, waandikie watoa mtihani walirekebishe kabla ya siku, na kama muda hautoshi, ahirisha. Kwa Cisco na CompTIA kuahirisha kunatakiwa zibaki angalau saa 24.

Nifanyie mtihani nyumbani au kituoni? – Msomaji, Kigoma

Kituoni, kama nauli unayo. Nyumbani umeme ukikatika ruta inazima hata kama laptopu ina chaji, mtoto akifungua mlango mtihani unaweza kusitishwa, na ukisoma swali kwa sauti msimamizi anakuonya.

Nina miaka miwili kwenye usalama wa mifumo benki. Nifanye CISSP? – Msomaji, Dar es Salaam

Mtihani unaruhusiwa kuufanya, jina la CISSP hutapewa. ISC2, wanaotoa cheti hiki cha usalama, wanataka miaka mitano ya kazi ya kulipwa katika angalau maeneo mawili kati ya manane ya mtihani, na digrii inapunguza mwaka mmoja. Ukifaulu sasa utaitwa mshiriki wa ISC2, na una miaka sita ya kutimiza uzoefu. Hata ukitimiza, lazima mwenye cheti, au ISC2 wenyewe, akudhamini, kisha kuna ada ya kila mwaka na pointi 120 za kujiendeleza kila miaka mitatu. Watu wanahesabu ada ya mtihani, hiyo mingine hawaihesabu.

Kama kazi yako benki inaelekea ukaguzi, tazama CISA, cheti cha ukaguzi wa mifumo cha ISACA. Nayo inadai uzoefu wa miaka mitano, lakini unaruhusiwa kufaulu kwanza, na una miaka mitano tangu kufaulu ya kuomba cheti. Usiandike herufi hizo nyuma ya jina lako kabla hazijatolewa. Wakaguzi wenzako ndio watu wa kwanza kukukagua.

CCNA yangu imeisha wiki iliyopita. Kuna siku za nyongeza? – Msomaji, Bujumbura

Hakuna, unarudi kwenye mtihani. Ungekusanya pointi 30 za kujiendeleza ndani ya miaka mitatu ungeihuisha bila kukaa kwenye kiti cha mtihani. Wenye vyeti vya Microsoft vya ngazi ya kati na juu, vyenu vinadumu mwaka mmoja, kuhuisha ni bure mtandaoni, na dirisha linafunguka miezi sita kabla ya mwisho. Kaitazameni tarehe leo.