Ile ya maziwa usikamate

Swali lenu la juma hili lilikuwa fupi: duka la aisikrimu kando ya maji ambalo mji mzima unalisifu, wewe lilikutendeaje? Majibu mengi yatatoka pwani, kwa wenye bahari. Mimi naandika kutoka Goma, mashariki ya Kongo. Bahari hatuna, tuna Ziwa Kivu, na Jumapili jioni upepo ukivuma kutoka upande wa kisiwa cha Idjwi hakuna anayekumbuka kwamba maji yale hayana chumvi.

Hapa hatusemi aisikrimu, tunasema krem. Donge moja la mviringo ni buli, na "buli ngapi?" ndiyo salamu ya kwanza ukifika mbele ya kioo. Jina la duka nalimeza. Mimi mwenyewe nauza vitenge mtaa wa Birere, mwaka wa 16 sasa, na najua jinsi maneno ya mteja mmoja mwenye hasira yanavyozunguka mji kabla ya saa sita mchana. Ila kwa kuwa nauza, nikiingia duka la mtu macho hayatulii. Naangalia nani anashika pesa, nani anafuta meza, nani anahudumiwa kwanza. Baba watoto husema kwenda kula nami ni sawa na kwenda na mtu wa kodi.

Ufukwe wetu si wa mchanga kama wa majirani zetu wa Gisenyi, Rwanda. Ni mawe meusi ya volkano, na sehemu kubwa imezibwa na kuta za hoteli na za nyumba za wenye nacho. Mahali ambapo mtu wa kawaida anaweza kukaa akatazama maji bila kuulizwa anamtafuta nani ni pachache. Nadhani hiyo ni nusu ya umaarufu wa duka lile: unalipa buli moja, unapata kiti na ziwa. Viti vyote vimegeuzwa majini. Mlima Nyiragongo, volkano yetu, tunaupa mgongo. Mwanangu mkubwa alipofundishwa shuleni kwamba chini ya ziwa hili kuna gesi nyingi iliyoyeyuka, methani kilomita za ujazo zipatazo 60, na kwa wingi kupita hiyo, ile gesi ya kwenye soda, aliniuliza kama tukitupa krem ndani itatoa povu. Nikamwambia ajaribu na ya kwake. Hakujaribu.

Sasa nianze na siku niliyokasirika. Ilikuwa tarehe 2 Julai 2019, siku ya proklamasyo. Kwa wasioishi Kongo: ndiyo siku ambayo shule husoma matokeo ya mwaka mbele ya wazazi, na mtoto mwenye buletini nzuri hudai haki yake. Kwangu haki hiyo ni krem. Foleni ilitoka kwenye kioo ikapita meza zote ikafika getini, watoto wa sare, akina mama wa vitenge vipya (viwili nilivitambua, vilitoka kwangu), jua likiwa limelalia upande wa Sake.

Ilikuwa pia wakati wa Ebola. Ugonjwa ulikuwa Beni na Butembo tangu Agosti 2018, na mgonjwa wa kwanza mjini kwetu angethibitishwa siku 12 tu baada ya siku hiyo. Huwezi kuingia mahali popote bila kunawa maji ya klori kwenye ndoo yenye bomba, kisha mlinzi akuelekezee kile kipima joto kwenye paji la uso kama bastola. Wanangu watatu walikuwa wamenawa shuleni, wakanawa kanisani, wakanawa pale. Koni ikishikwa na mkono wa klori inachukua harufu yake. Mpaka leo binti yangu mdogo akipita karibu na ndoo ya klori anasema: "Mama, inanuka krem."

Nikaagiza buli mbili kwa kila mtoto. Dada wa kioo alichota haraka, vizuri, kwa tabasamu. Kwa hilo sina neno. Watoto wakapokea, wakaanza kulamba. Ndipo nikasogea kwa dada wa pesa nikatoa noti ya dola 10. Akaiinua kwenye mwanga. Akapitisha ukucha kwenye ukingo, taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba. Ukucha ukasimama.

"Mama, hii ilipasuka. Leta ingine."

Mpasuko wenyewe haukufika punje ya mchele. Msiokaa huku mtashangaa, lakini ndivyo tulivyo: franka iliyochakaa mpaka inafanana na kitambaa cha kufutia meza inapokelewa bila neno, dola ikiwa na jeraha dogo inarudishwa. Na mimi siwezi kulalamika, maana dukani kwangu nafanya vilevile. Nisipofanya, wa jumla wataikataa kwangu. Lakini kwangu noti inakaguliwa kitenge kikiwa bado mkononi mwangu. Pale walikagua pesa krem ikiwa tayari tumboni.

"Ingine sina."

"Sasa mama, tutafanya aje? Watoto bameshakula."

Nyuma yangu watu wakaanza kufyonza meno. Dereva wa jeepu moja nyeupe, zile za mashirika, akanyoosha mkono juu ya kichwa changu akaagiza sita za chokoleti za kubeba, na akapewa, palepale, mimi nikiwa nimesimama na noti yangu kama mwizi aliyekamatwa sokoni. Hapo ndipo paliponiuma. Noti kukataliwa ni biashara. Lakini kurukwa kwenye foleni kwa sababu bwana wa yule dereva ana jeepu, hiyo ni dharau, na watoto wangu waliiona.

Nikafungua mfundo wa kitenge nikahesabu franka. Bei ilikuwa dola 6. Nje, wabadilishaji wa pesa walikuwa wanahesabu dola kwa 1,650. Pale dukani ilikuwa 1,700. Nikatoa 10,500, na zile 300 zilizobaki zikarudi kama pipi. Pesa ya pikipiki ikawa imeishia pale. Tulipanda mpaka Katindo kwa miguu, mdogo mgongoni, vidole vyake vya sukari shingoni mwangu.

Nikaapa. Karibu miaka miwili sikukanyaga.

Katika muda huo habari za duka zilinifikia kupitia wifi yangu, ambaye haapi kitu chochote. Alisema muziki umeongezwa mpaka hamwezi kuongea. Alisema choo kina ufunguo na ufunguo unaombwa kwa mlinzi. Alilalamika hasa kwamba wanatumia maziwa ya unga wakati Masisi iko hapo juu na ng'ombe wake, na jibini ya Masisi inauzwa kila kona ya mji. Kwenye hilo nilimtetea adui yangu. Maziwa mabichi yanashuka kwenye madumu juu ya pikipiki, barabara leo inapitika, kesho imefungwa. Yakichelewa masaa matatu juani yamekwisha. Unga unakaa rafuni. Ladha ni nyingine, ndiyo, lakini ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo.

Nyiragongo ulipasuka Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021. Hiyo mlisoma, sitairudia. Tarehe 27 sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama, tukaenda Sake na magodoro kichwani. Tuliporudi Juni nyumba ilikuwepo, jiko lilikuwepo, lakini umeme ulikuwa unakuja na kuondoka kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa. Watoto walikuwa wamelala chini kwa watu siku nyingi bila kulia. Jumapili moja binti mdogo akasema anataka krem. Hakusema kwa kudeka, alisema tu. Kiapo changu kikaishia hapo.

Safari hii nilitangulia kwenye pesa. Noti mpya, nimeinyoosha mwenyewe. Ikapita. Mahali palikuwa patupu, meza tatu tu zenye watu, kila mmoja akitupia jicho mlimani ingawa viti vimegeuzwa majini. Nyuma ya kioo alikuwa msichana nisiyemjua, mwembamba, nywele amezifunga kwa kipande cha kitenge. Binti yangu akaonyesha ile nyeupe ya maziwa, ambayo ndiyo iliyolipa duka sifa yake.

Msichana akageuka kutazama ofisi ya patroni, yaani bosi wake. Akainama mpaka paji la uso likagusa kioo.

"Mama, ile ya maziwa usikamate. Iliyeyuka, ikaganda tena. Kamata ya marakuja, hiyo tulifanya leo asubui."

Nikamwuliza anajuaje. Sikuwa namjaribu, nilitaka kuona. Akachukua kile kijiko cha kuchotea akakipitisha juu ya ile ya maziwa. Ikalia. Kama unavyokwaruza barafu ndani ya frigo ya zamani. Kilichotoka kilikuwa vipande, na ndani ya vipande sindano ndogo zinazong'aa. Kisha akapitisha juu ya ile ya marakuja, yaani pasheni: ikajikunja nyuma ya kijiko polepole, laini, kama ubao unavyojikunja mbele ya randa ya seremala.

Baadaye aliniambia sababu, na nimeithibitisha kwenye friza ya nyumbani. Krem ni maji, mafuta ya maziwa, sukari, na hewa nyingi kuliko unavyodhani. Mashine inaizungusha wakati inaganda, kwa hiyo punje za barafu hazipati nafasi ya kukua na ulimi hauzioni. Umeme ukikatika, hewa inatoroka, maji yanajitenga. Ukirudi, hakuna anayezungusha tena: yanaganda taratibu, yamesimama, na punje zinakuwa kubwa kama mchanga. Hiyo ni ladha tu. Mbaya zaidi ni vijidudu. Baridi haiviui, inavilaza. Krem ikiyeyuka vinaamka, vinakula maziwa na sukari, vinaongezeka, kisha mnavigandisha vikiwa vingi na kumpa mtoto kwenye koni. Sisi tulikuwa tumetoka kwenye ndoo za klori juzijuzi.

Tulikula marakuja. Ilikuwa kali kidogo, mbegu mbili tatu zimebaki ndani. Mdogo alizitema moja moja kwenye mawe meusi akizihesabu.

Nilikaa nikimtazama yule msichana. Wateja wawili zaidi waliingia. Mmoja alikuwa mzee wa koti, na kwake pia aliinama kwenye kioo. Mwingine alikuwa kijana na mpenzi wake, wakataka ya maziwa kwa sauti kubwa, patroni akiwa ametoka amesimama mlangoni, na msichana akawachotea bila kusema neno. Sikumlaumu. Ana nyumba ya kulisha. Nilimwona tu anavyochota kutoka pembeni, ambako ilionekana haikuyeyuka sana.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lenu: duka hilo lilinitendea vibaya na lilinitendea vizuri, na kote kuwili mwenye duka hakuhusika. Nilirudi karibu kila mwezi kwa sababu ya msichana mmoja. Nilikuwa nikifika simuulizi kuna nini, namuuliza, "Leo nisikamate nini?" Naye anacheka, anatazama mlango wa ofisi, anasema. Siku nyingine, "Leo zote, mama, kamata unayotaka." Siku moja, "Leo rudi nyumbani." Tukarudi, watoto wakininunia njia nzima.

Mwaka jana nilikwenda nikakuta hayupo. Mlinzi alisema ameolewa Bukavu, wa pesa alisema hapana, ameacha tu. Nyuma ya kioo kulikuwa na dada mwingine, sare mpya, kofia, tabasamu.

"Leo nisikamate nini?" nikamwuliza.

Akanitazama kama nimeongea lugha ya mbali. "Zote ni nzuri, mama."

Nikachukua marakuja.