Mlango wa lifti haujifungui

SWALI: Nasimamia jengo la ofisi la ghorofa nane hapa Arusha. Tumeandaa tangazo la kubandika kando ya lifti: "Tahadhari! Milango hujifungua na kujifunga yenyewe." Mwenzangu anataka tuandike "hufunguka na kufungika". Nani yuko sahihi?

JIBU: Hakuna aliye sahihi, na nakuomba tangazo hilo lisibandikwe.

Nianze na hilo "kujifungua", maana limenikera kwa miaka mingi. Kwa Kiswahili, anayejifungua ni mama mjamzito. Ukisema fulani kajifungua, wanaokusikia watauliza ni mtoto wa kike au wa kiume, na mama anaendeleaje. Neno limeshapewa kazi hiyo, tena kazi ya heshima. Leo wauza mageti wanatuambia geti "linajifungua", wauza miavuli nao mwavuli "unajifungua", na sasa milango ya lifti nayo imeingizwa wodi ya wazazi. Wakikosolewa hujitetea kwamba kama kuna kujifunga, lazima kuwe na kujifungua. Si lazima hata kidogo! Ni kweli kwamba funga na fungua ni jozi ya Kibantu, kama ziba na zibua, kunja na kunjua. Lakini maana ya neno huamuliwa na wanaolisema, na Waswahili waliamua zamani. Mtoto wa shule atasoma tangazo lako na kucheka, na tahadhari inayochekwa haimlindi mtu.

Mwenzako naye kateleza. "Hufungika" maana yake unaweza kufungwa. Hiyo ni sifa ya mlango uliochongwa vizuri na fundi seremala, haimwonyi abiria jambo lolote.

Ila kosa lenu kubwa zaidi ni kutomtaja mtendaji. Lifti ina milango miwili: wa chumba kinachopanda na kushuka, na wa ghorofani, ule unaouona ukisubiri. Mota iko juu ya chumba, na inasukuma mlango wa chumba tu. Mlango wa ghorofani kwa kawaida hauna mota. Chumba kikifika, mlango wake unaukamata ule wa ghorofani, unalitoa komeo lake na kwenda nao. Kwa hiyo mlango wa ghorofani hufunguliwa, tena hufunguliwa na mlango mwenzake. Wazo la kukifanya chumba chenyewe kifungue na kufunga milango ya shimo, yaani njia ambamo lifti hupanda na kushuka, ni la zamani; Alexander Miles wa Duluth, Marekani, alipewa hataza ya mtambo wa namna hiyo mwaka 1887.

Kufunga ndiko kwenye habari tofauti. Mlango wa ghorofani ukiachwa wazi bila chumba nyuma yake, springi au uzani unaoning'inia huurudisha. Hapo, na hapo tu, nakubali mseme "hujifunga". Kisha komeo huingia. Kanuni za Ulaya zinataka liingie angalau milimita 7 kabla chumba hakijaondoka, na swichi yake isipokamilisha mzunguko wa umeme, mota ya kuvuta lifti haipati ruhusa.

Sasa sikiliza tofauti ya vitenzi. Mlango wa ghorofani "umefunguliwa": chumba kimefika, ingia. Mlango wa ghorofani "umefunguka": umeachia bila chumba kuufungua, na mbele yako huenda pakawa na shimo tupu. Mlinzi akimpigia fundi simu na kusema "umefunguka", fundi mwenye masikio anapaswa kuamuru lifti izimwe na watu wazuiwe kuukaribia. Viambishi viwili vidogo, na mtu anaweza kufa kwa kutotofautishwa kwake.

Ndivyo ilivyo kwa kamba pia. Watu husimulia kwamba Elisha Otis, fundi Mmarekani aliyebuni breki ya usalama ya lifti, alionyesha lifti yake New York mwaka 1854 na kamba "ikakatika". Haikukatika. Ilikatwa, kwa amri yake, yeye akiwa amesimama juu ya jukwaa, na breki zikalizuia jukwaa lisianguke. Ukisema ilikatika umeufanya ushujaa wa fundi kuwa ajali.

Kuhusu kuzuia mlango kwa mkono, andikeni waziwazi. Lifti nyingi za sasa zina miale isiyoonekana inayopita mlangoni. Ikikatizwa, mlango hurudishwa. Kanuni zilezile za Ulaya zinataka nguvu ya mlango unaofungwa isizidi nyutoni 150, karibu sawa na uzito wa kilo 15. Lakini ukizidi kuuzuia, lifti nyingine hupiga king'ora na kuufunga polepole hata kama miale imekatizwa. Anayetaka kumsubiri mwenzake abonyeze kitufe cha kufungulia.

Bandikeni hivi: "Tahadhari! Milango hufunguliwa na kufungwa kwa mota. Usiizuie kwa mkono. Usiuegemee mlango wa ghorofani. Ukiona umefunguka na chumba hakipo, kaa mbali, mwite mlinzi." Chini yake wekeni namba ya simu ya fundi, kwa tarakimu kubwa.