Maji Kwanza: Barua kwa Mwanangu Anayetaka Kununua Nyumba ya Zamani

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imetufikia pamoja na zile picha tatu za nyumba. Sisi hatujambo, na baba yako anakusalimu; amezitazama picha hizo kwa miwani na bila miwani, kisha akanirudishia akisema nikujibu mimi, kwa kuwa katika jambo hili nina mengi ya kusema kuliko yeye. Umeuliza kama mtaa huo, ambao miaka michache iliyopita watu waliukimbia na sasa kila dalali anausifu, utapanda thamani kiasi cha kukurudishia fedha za kununua na kukarabati nyumba yenye umri wa zaidi ya miaka 80.

Hilo sina jibu lake, wala simwamini sana anayedai kuwa nalo. Mtaa hupanda kwa sababu zisizo mikononi mwa mnunuzi: reli inapopitishwa karibu, chuo kinapofungua majengo mapya, au mtaa wa jirani unapokuwa ghali hata vijana wenye kazi nzuri wakaanza kutazama ng'ambo ya pili ya barabara. Sababu hizohizo zikigeuka, hubaki palepale ulipokuwa. Lipo swali jingine ambalo hukuniuliza, na hilo naweza kulijibu kwa sababu nimelilipia: nyumba hiyo inadai nini, na ni nani anayelijua deni lake?

Maji kwanza, mwanangu. Umelisikia neno hili tangu ukiwa mtoto, na nitalirudia. Dalali huanza na rangi, kwa kuwa rangi ndiyo kitu cha bei nafuu kinachobadilisha sura ya nyumba kwa siku mbili. Wewe anza na maji. Nenda siku ya mvua, usimame nje, uangalie mifereji ya paa inamwaga wapi, maji ya uwanjani yanaelekea wapi, na kama ardhi ya nje imejazwa mwaka hadi mwaka mpaka ikapita kimo cha sakafu ya ndani. Ndipo uingie na kupanda darini ukiwa na tochi na bisibisi. Chomeka bisibisi katika ncha za kenchi pale zinapokalia ukuta, kwa sababu huko ndiko unyevu na mchwa huanzia. Mbao nzima itakikataa chuma. Iliyooza itakipokea kama sabuni iliyolowa.

Kuta nazo zina mambo yake. Nyumba nyingi za umri huo, na hasa zilizo kongwe zaidi, zilijengwa kwa chokaa. Saruji ya Portland, hii ya kijivu tunayoitumia leo, ilipata hataza, yaani hati ya uvumbuzi, huko Uingereza mwaka 1824, mikononi mwa mwashi Joseph Aspdin, lakini waashi waliendelea kutumia chokaa kwa vizazi kadhaa baada yake, na walikuwa na sababu. Chokaa ni laini na hupitisha mvuke. Ukuta ukilowa, unyevu hutoka kupitia kwenye viungo na lipu, na nyumba ikitikisika kidogo, kinachoumia ni kiungo, ambacho ni rahisi kukarabati, wala si tofali. Fundi wa leo akija na saruji ngumu akaupiga ukuta huo lipu mpya, utapendeza kwa msimu mmoja. Kisha unyevu uliofungiwa ndani utatafuta njia, chumvi itachomoza kama unga mweupe, na lipu itabanduka ikiwa imeshika uso wa tofali. Fundi huyo si mwongo, anafanya alilofundishwa kwa nyumba mpya. Ni juu yako kumtafuta anayejua kazi ya chokaa kabla ya kutafuta wa vigae.

Ufa usikutishe mpaka uujue. Ule wa nyumba yetu ya ngazi nyekundu ulimokulia, uliokuwa ukiupima kwa kidole kila siku ya kuzaliwa kwako, ulikuwa umelala tangu kabla ya sisi kuingia. Tulilijua hilo kwa njia ya zamani: kipande chembamba cha kioo kilichogandishwa juu ya ufa, na tarehe ikaandikwa kwa penseli kando yake. Ukuta ukisogea, kioo hukatika. Chetu hakikukatika mwaka wote. Wewe huna mwaka wa kungoja, kwa hiyo mlipe mkaguzi wa majengo asiyejuana na muuzaji wala dalali, umwonyeshe hasa nyufa zinazopanda kama ngazi kwenye viungo vya matofali na zile zilizo pana juu kuliko chini.

Mengine nitayapita upesi kwa kuwa utayasikia kwa kila mtu. Mabomba ya chuma ya zamani huziba kwa kutu kutoka ndani, na bomba linaloonekana zima huweza kuwa limebaki na tundu la upana wa penseli. Nyaya zilizovikwa mpira hukauka, mpira ukapukutika, na mara nyingi hazina waya wa ardhi. Rangi za zamani zaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu; Marekani iliipiga marufuku katika rangi za nyumba mwaka 1978, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, kwa hiyo usimruhusu mtu kupiga msasa mkavu kabla rangi haijapimwa, na mjukuu wangu asikanyage humo vumbi likiwa hewani. Asbesto nayo, zile nyuzi za madini zisizoshika moto, hukaa katika mabati ya saruji, dari na vifuniko vya mabomba. Uingereza iliikataza kabisa mwaka 1999 tu. Ikiachwa bila kuvunjwa haina madhara makubwa, ila ikikatwa na kuvutwa pumzini huweza kumrudia mtu kifuani baada ya miaka mingi. Tenga angalau sehemu moja kwa tano ya gharama yote ya ukarabati kwa yale yasiyoonekana, na usiiguse kwa ajili ya kabati za jiko.

Sasa nifike nilipokuwa nakwepa.

Tulipoinunua nyumba ya ngazi nyekundu, wewe ulikuwa bado mgongoni na dada yako ndiyo kwanza ameanza shule. Unakumbuka chumba cha mbele kama chumba chenu cha kulala. Hakikuwa hivyo. Alikuwamo mzee mmoja, fundi cherehani, aliyekipanga kwa miaka 19, akilala nyuma ya pazia na kushona mbele yake. Hatukumfahamu. Tulichofahamu ni kwamba mkopo wetu ulihesabiwa kwa nyumba nzima na kwamba watoto walihitaji chumba. Notisi niliiandika mimi, kwa mkono wangu, kwenye karatasi niliyoichana katika daftari la dada yako, kwa kuwa sikuona haja ya kutafuta nyingine. Aliisoma amesimama. Akaikunja mara nne, akaitia katika droo ya cherehani, pamoja na vifungo. Kisha akaniomba wiki tatu, kwa sababu alikuwa na nguo za watu alizokwisha kuzikata. Nikampa siku kumi.

Siku aliyohama, kabla ya mkokoteni kufika, nilimkuta amechutama nje, chini ya ukuta wa mbele, akisugua kwa brashi vitundu vinne vyenye wavu wa chuma vilivyokuwa karibu kabisa na ardhi. Akamwambia baba yako: "Hivi visizibwe." Basi. Baba yako alidhani mzee anaviona kuwa pambo. Sisi tuliviona kuwa milango ya panya, na kabla ya wiki kwisha vilikuwa vimezibwa kwa saruji, vikapakwa rangi, na ukuta ukapendeza.

Vilikuwa pumzi ya nyumba. Sakafu ile ya mbao haikukaa juu ya ardhi, ilikaa juu ya boriti zenye uwazi chini yake, na upepo uliopita katika vitundu vile ndio uliozikausha. Mbao ikibaki na unyevu unaozidi asilimia 20 ya uzito wake ikiwa kavu, kuvu wa kuozesha hupata makao. Mwaka wa pili mguu wa kitanda chako ulizama. Baba yako aling'oa ubao mmoja, akapiga magoti, akaniita. Boriti ilikuwa ya kahawia, imepasuka vipande vidogo vya mraba kama tope lililokaukiwa na jua, na alipoifinya ilimomonyoka mkononi mwake. Tukabadilisha sakafu nzima ya mbele. Ndiyo maana ulikua ukipikiwa katika jiko lisilo na dari. Fedha za dari zilikwenda chini ya miguu yenu.

Mzee yule alikuwa akivisafisha vitundu vile kila mwaka kabla ya mvua, katika nyumba isiyokuwa yake. Nililisikia kwa jirani baadaye. Hakuna mkaguzi aliyetuandikia, wala hati iliyolionyesha. Nilikwenda kumtafuta mahali alipohamia, nikaambiwa amekwisha kuhama tena, kodi ilikuwa imepanda huko pia.

Nikikumbuka habari hii huanza kujitetea. Notisi ilikuwa halali. Tulikuwa na watoto wawili na deni. Na kama si sisi, nyumba ile ingechukuliwa na mtu wa kubomoa, pasibaki hata ukuta. Hayo yote ni kweli, nami siyarudishi nyuma. Lakini neno "kama si sisi" husemwa na kila anayenunua katika mtaa unaopanda, na wote wakilisema pamoja, mtaa huwa umekwisha kuhama. Mwaka 1964 mwanasosholojia Ruth Glass aliandika kuhusu London, akaeleza jinsi nyumba za kawaida katika mitaa ya wafanyakazi zilivyokuwa zikichukuliwa na watu wa tabaka la kati, zikifanywa makao ya fahari mikataba ya upangaji ilipokwisha, na jinsi mwenendo huo ukianza usivyosimama mpaka wakazi wengi wa awali wawe wameondolewa. Niliposoma maelezo hayo, miaka mingi baada ya mambo yetu, sikufikiria London. Nilifikiria siku kumi.

Hata hivyo siwezi kukuambia uiache nyumba ioze kwa sababu mama yako ana jambo linalomchoma. Nyumba tupu haimsaidii mpangaji wala jirani. Paa likivuja bila mtu wa kulitengeneza, wanaoumia kwanza ni waliomo. Mtu anayenunua ili akae, anayetengeneza mtaro ambao maji yake yanamwingilia jirani, anayemwongezea mpangaji muda na kumweka katika hesabu ya mkopo tangu mwanzo, huyo sioni kwa nini nimlaumu. Basi ninunue, utasema, ndivyo mama anavyosema. Sikusema hivyo. Hesabu yako ya mkopo hukunionyesha, na mtaa huo siujui. Nikikuhukumia kutoka mezani kwangu nitakuwa nafanya kama nilivyofanya na ile karatasi. Nina neno moja mdomoni, na baba yako analijua, lakini nitalimeza mpaka uniletee majibu ya mambo mawili.

La kwanza limo katika picha ya tatu. Nyuma ya kabati, kimo cha goti, unaonekana mstari mweupe unaopinda na kuingia gizani, na lipu ya chini yake ni mpya kuliko ya juu. Mtu ameuficha unyevu hapo si zamani. Omba ruhusa, lisogeze kabati, uweke kiganja ukutani, kisha utoke nje uone kuna nini upande wa pili: mfereji uliovunjika, bomba la maji machafu, au ardhi iliyojazwa. Maji kwanza, kabla hujazungumza bei.

La pili limo katika picha ya kwanza. Katika dirisha la chumba cha uani yupo mama amesimama, ameshika pazia kwa mkono mmoja, anamtazama anayepiga picha. Umeniandikia kurasa nne kuhusu nyumba hiyo na hukumtaja. Kabla ya kumwendea tena dalali, mpigie hodi yeye. Umwamkie, ujitambulishe kuwa ndiwe unayetaka kununua, usimfiche, na umuulize ameishi hapo miaka mingapi na mvua ikinyesha usiku huwa anaamka kufanya nini. Kisha niandikie alivyokujibu, kwa maneno yake.

Mama yako